Uliza Fundi: Boti ya Uswidi iliyochorwa kwa tepu

Mwezi huu nilikuwa nimejiandaa kuongea juu ya plagi za injini za nje, picha nilishapiga na kila kitu, lakini barua zimenizidi. Nyingi ni za boti ya tanga ya faiba, na si boti yoyote tu bali aina moja, Albin Ballad ya Uswidi, inaonekana kuna moja inauzwa huku kwetu Uganda na habari imeshazunguka kutoka Ggaba mpaka Entebbe mpaka Jinja. Haya basi, plagi zitasubiri.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi nakaa Ggaba, napeleka wageni visiwani kwa boti ya injini. Kuna mzungu mmoja mteja wangu wa zamani anarudi kwao na anauza boti yake ya tanga, Albin Ballad, anasema ni ya miaka ya sabini katikati. Anasema ni ya mashindano na pia ni ya kulala familia nzima, mi sielewi itakuwaje vyote viwili, ni kama kuniambia gari ni la rali na pia ni matatu. Nikiiangalia katikati ni pana kama mama mjamzito alafu nyuma imebanwa, na chini inaingia majini mita moja na nusu. Ni boti ya aina gani hii na itanifaa? (Wa Ggaba)

JIBU: Marahaba bosi wangu. Una jicho zuri, maana watu wengi wakiona boti ya tanga wanaangalia mlingoti na rangi basi, wewe umeona tumbo na umeona nyuma ilivyobanwa, na hapo ndipo hadithi yote ya hiyo boti ilipo.

Ballad ilichorwa na Mswidi anaitwa Rolf Magnusson. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa boti ya mashindano tu, ikiitwa Joker, alafu kampuni ya Albin Marin ikaichukua, ikaiwekea vitanda na jiko, ikaanza kuitoa kiwandani 1971 mpaka 1982, zikatoka kama 1,500 hivi. Albin zamani watu waliijua kwa injini zaidi, na makao yake yalikuwa Kristinehamn, mji ulio kwenye ufuko wa Vänern, ziwa kubwa kuliko yote kule Uswidi. Kwa hiyo mtu akikuambia hiyo ni ya bahari, haiwezi ziwa, mwambie imezaliwa ziwani, tena ziwa dogo, ukipima kwa eneo, Vänern lote linaingia mara 12 kwenye Nalubaale letu, yaani Ziwa Victoria.

Sasa hiyo mimba. Miaka hiyo boti za tanga za mashindano zilikuwa zinapimwa kwa kanuni moja ya kimataifa inayoitwa IOR. Wapimaji wanakuja na tepu, wanapima upana, kina, mzingo wa mbele na wa nyuma, matanga, wanaingiza kwenye hesabu ndefu na inatoka namba moja kwa futi, ndiyo eti ukubwa wa boti yako. Kundi la Ballad linaitwa Half Ton na namba yake ilikuwa futi 21.7, ukizidi hapo umetoka. Mchoraji naye si mjinga, akishajua tepu itapita wapi anachora boti ya kuidanganya tepu. Kanuni haikupima urefu kutoka ncha mpaka ncha, ilitafuta pale mbele na pale nyuma ambapo mzingo wa boti umefikia kiasi fulani cha upana wake, basi ukitanua tumbo na ukabana miisho, zile sehemu za kupimia zinasogea ndani na boti inahesabika fupi kumbe ni ndefu. Ndiyo maana unaona mjamzito aliyefunga mkanda nyuma. Ni tepu hiyo.

Na hapo hapo kuna jibu la swali lako la rali na matatu. Lile tumbo ambalo mchoraji alilitengeneza kwa ajili ya hesabu, ndani yake ndiyo sebule. Upana wa mita 2.95 kwenye boti ya mita 9.12, miaka ile ilikuwa nafasi ya maana sana, boti za zamani za mbao za Skandinavia za urefu huo zilikuwa nyembamba kama mukene, dagaa wetu, mkikaa wawili mnagongana magoti. Kwenye Ballad unashuka ngazi, unakuta jiko na sehemu ya ramani karibu na mlango, alafu makochi mawili na meza katikati, mbele choo, mbele zaidi kitanda cha wawili kilichochongoka kama pasi. Hakuna uchawi, mtu mrefu atainamisha kichwa na choo ni cha kujipinda, lakini baba, mama na watoto wawili wanalala. Ninyi wa mashindano mnapata boti inayokubalika na tepu, mama watoto anapata pa kuwekea sufuria.

Tuende kwenye maji. Urefu wake wa kugusa maji ni mita 6.89 tu, maana yake zaidi ya mita mbili zinaning'inia hewani mbele na nyuma. Ikisimama wima inaelea kwenye hizo 6.89, na boti ya aina hii inayobeba maji mbele yake haiwezi kukimbia zaidi ya wimbi lake yenyewe, ukipiga hesabu unapata kama noti 6.4, karibu kilomita 12 kwa saa, boda iliyochoka inakupita. Ila ikilala ubavu kidogo ile mikia inayoning'inia inaingia majini na boti inakuwa ndefu zaidi, tena hapo tepu imeshaondoka kwenda zake nyumbani.

Nimewahi kupanda Ballad moja, siyo hiyo yako, tulitoka Kaazi saa nane mchana wakati upepo wa ziwa umeshaamka kutoka kusini, na ninyi wa Ggaba mnaujua ule, unakuja usoni kabisa ukitaka kutoka nje, mawimbi mafupi yamesimama kama matuta ya viazi. Mwenye boti akanipa kana, ule mti wa usukani, akasema shika tu usipigane nayo. Upepo ulipopiga ililala haraka, nikasema leo tunaoga, mkono mmoja ukatafuta pa kushika na mwingine ukang'ang'ania kana, alafu ikafika mahali ikakataa. Ikakaa pale pale, ikawa inachimba tu kwenda mbele, kikombe changu cha chai kikasogea kwenye meza ndogo mpaka kwenye ukingo kikasimama, chai haikumwagika. Ile ndiyo tabia yake, inalala mapema alafu inakuwa ngumu, kwa sababu katika uzito wa kilo 3,300 kuna kilo 1,550 za farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, ziko chini kabisa kwenye mkuku, ule uti wa chini ya boti, karibu nusu ya boti nzima ni uzito wa kuizuia isipinduke.

Mkuku wenyewe ni wa pezi, haukimbii urefu wote wa boti kama mikuku ya kizamani, na usukani umekaa nyuma peke yake ukiwa umeegemea kipande kilichoshuka kutoka kwenye ubavu wa chini, wenyewe wanakiita skegi. Faida ya pezi ni kwamba boti inageuka upesi, faida ya skegi ni kwamba inashika njia na pia gogo au nyavu zikija haziendi moja kwa moja kwenye usukani. Kwa ziwa lenye nyavu kama letu mi naona skegi ni baraka, boti nyingi za kisasa za mashindano zimeuacha usukani unaning'inia mtupu, nyavu moja ya sangara inatosha kuharibu siku yako.

Ubaya upo. Wachoraji wa kipindi kile waliona inalipa kuweka tanga la mbele kubwa sana, linaitwa jenoa, na tanga kuu dogo. Ukienda dhidi ya upepo raha, lakini kila ukigeuza boti upepo uje upande wa pili unalivuta lile dude kubwa kutoka upande mmoja mpaka mwingine kwa winchi, mara tano utasema nimeelewa, mara ya ishirini mgongo unaongea. Na upepo ukitoka nyuma ile nyuma iliyobanwa haina kitu cha kukalia maji, boti inaanza kuyumba kulia kushoto kama mtu anatoka baa za Kabalagala saa tisa usiku. Ballad ni ya mwanzo mwanzo wa kanuni hiyo kwa hiyo haijazidisha, zilizokuja baadaye ndo zilikuwa vituko, lakini kuyumba utayumba, punguza tanga mapema na mwambie mgeni aangalie mbali asitapike.

Kwa biashara yako sasa. Mi nasema hapana. Sehemu ya kukaa nje inabeba watu wanne watano kwa raha, wewe una wageni kumi na friji la soda. Na hizo mita 1.55 za kina, wewe mwenyewe unajua pale unaposhushia watu maji yanafika kiunoni, utatia nanga mbali na utahitaji mtumbwi wa kuwavusha, na ziwa lenyewe halitulii, 2006 lilishuka mpaka gati zikabaki kavu, 2020 likapanda likameza bichi na nyumba za watu. Kama unaitaka ya kwako, ya Jumapili na familia, hapo ni mazungumzo mengine, soma jibu la msomaji wa Entebbe hapo chini kabla hujatoa hata shilingi.

SWALI: Fundi, mi ni mwanafunzi wa Makerere, hesabu zangu haziingii. Unasema boti ina kilo 3,300 alafu inaitwa Half Ton, nusu tani. Nusu tani ya nani?

JIBU: Ya Wafaransa. Mwishoni mwa karne ya 19 klabu moja ya matanga ya Paris ilitoa kikombe kwa boti za tani moja, lakini "tani" hiyo haikuwa uzito wa mizani, ilikuwa namba inayotoka kwenye kanuni ya kupimia ya wakati ule. Kanuni ikafa, kikombe kikabaki na jina lake, mwaka 1965 kikafufuliwa kwa kanuni nyingine kabisa, watu wakakipenda, wakaongeza vikombe vidogo chini yake, nusu tani, robo tani. Kwa hiyo Half Ton ni jina la kundi tu, kama vile shamba la eka unaloambiwa Wakiso ukaenda kupima ukakuta vitu vingine.

Na kwa kuwa umeuliza, Waswidi kwenye hiyo nusu tani walikuwa moto. Peter Norlin alichora boti inaitwa Scampi ikachukua kikombe cha Half Ton 1969, 1970 na 1971, mara tatu mfululizo, na Ballad ilitoka kwenye hewa hiyo hiyo. Mwingine ni Pelle Petterson aliyechora Maxi 77, huyo ana medali mbili za Olimpiki za matanga, shaba 1964 na fedha 1972, na kabla ya hapo alikuwa amechora gari, Volvo P1800, lile la kimichezo. Mtu anachora gari zuri hivyo alafu anakwenda kuchora boti ya kulala watu, na Maxi yake ukiiangalia ni kaboksi kenye akili. Mi ningechukua gari.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Kasenyi. Mnasema boti haipinduki kwa sababu ina chuma chini. Sasa yetu ya mbao ikipinduka inaelea tunaishikilia. Hiyo yenu ikijaa maji si inakwenda chini na chuma chake?

JIBU: Inakwenda, na umeuliza swali ambalo wauzaji hawapendi. Mbao inaelea yenyewe. Faiba peke yake nzito kuliko maji, ukiongeza na tani moja na nusu ya farumi, boti ikijaa inashuka kama jiwe isipokuwa kama mtu aliweka maboksi ya hewa ama povu ndani, na boti nyingi za aina hiyo hazina. Usalama wake uko kwenye kutojaa. Ndiyo maana sehemu ya kukaa nje ina matundu ya kutoa maji yenyewe, mlango wa kabini una kizingiti, na sitaha imefunikwa yote, tofauti na mtumbwi wako ulio wazi kama bakuli. Mtumbwi unasalimika kwa kuelea ukiwa umejaa, boti ya mkuku inasalimika kwa kuinuka kabla haijajaa.

Lakini vifuniko vikiwa wazi na dhoruba ya alfajiri ikaja, zile zinazotoka katikati ya ziwa usiku na ngurumo zake, hesabu zote zinaharibika. Na watu wakizidi pia. MV Templar iliyozama Novemba 2018 upande wa Mukono ikaua watu zaidi ya 30 haikuwa boti ya mkuku wa namna hii, ilikuwa chombo cha starehe kilichojaa kupita kiasi, naitaja kwa sababu kuna watu wanadhani boti ikiwa nyeupe na ya mzungu basi jaketi si lazima. Vaa jaketi. Ninyi wa Kasenyi mnavaa, wageni wa muziki ndo hawavai.

SWALI: Nyabo wa Bugolobi, mwalimu wa Kiswahili, anauliza: Fundi, mbona unatuletea "skegi" na "jenoa", Kiswahili hakina maneno ya matanga?

JIBU: Mwalimu, kinayo mengi mpaka aibu, sema yamebaki pwani. Mzee wangu alikuwa reli, Mombasa, alafu Jinja, na nyumbani tulikuwa tukiambiwa sogea joshini kwa maana ya upande upepo unakotoka, na demanini kwa upande wa pili. Demani ni ile kamba ya kulegeza na kukaza tanga, mkuku unaujua, farumi ni uzito wa chini, ngama ni yale maji machafu yanayokusanyika tumboni mwa chombo, shetri ni nyuma, omo ni mbele, kana ni mkono wa usukani, na kwenda dhidi ya upepo kwa kukata kona kona ni kupiga bisho. Hayo yote nayatumia. Skegi sijapata la pwani kwa sababu jahazi halina, usukani wake umebebwa na mkuku wenyewe, na jenoa ni tanga la mbele lililovimba mpaka likapita mlingoti, jahazi lenye foromali moja, ule mti unaobeba tanga, litakuwa nalo la nini. Ukipata neno niandikie, nitalitumia na nitasema nimelitoa kwako.

SWALI: Mzee, niko Entebbe, ile boti nimeiona imepandishwa nchi kavu. Chini ya mstari wa maji ina vipele, vingine kama punje ya mahindi, vingine kama sarafu. Nikakibonyeza kimoja kikatoa maji yananuka kama siki. Mwenyewe anasema ni rangi tu. Ni kweli?

JIBU: Si rangi. Huo ni ugonjwa wa faiba, osmosisi, na hiyo harufu ya siki ndiyo cheti chake.

Nieleze faiba inavyotengenezwa ndo utaelewa. Kuna kalibu, umbo la nje la boti lakini limegeuzwa ndani. Wanaanza kupaka jelikoti, ile ngozi nyeupe inayong'aa, haizidi unene wa kucha. Ikishika kidogo wanalaza nyuzi za kioo, mkeka wa vipande na kitambaa kilichofumwa, safu juu ya safu, kila safu inaloweshwa resini ya polyesta kwa brashi na rola mpaka hewa itoke. Resini ikikauka vizuri inakuwa kama jiwe, lakini kila mara kuna vichembe ambavyo havikuungana, vinabaki mule. Boti ikikaa majini miaka, maji yanapenya jelikoti polepole sana, yanakutana na vile vichembe, vinayeyuka vinakuwa tindikali tindikali, na huo mchanganyiko unavuta maji zaidi, shinikizo linapanda, ngozi inavimba kipele.

Maji matamu yanaleta vipele upesi kuliko maji ya chumvi, na maji ya moto moto kuliko ya baridi. Sasa sisi tuna yote mawili, maji matamu na joto la mwaka mzima, wakati kule kwao boti zinatolewa majini kila majira ya baridi, zinakaa juu miezi zikikauka. Boti ya Uswidi iliyokaa Entebbe miaka kumi bila kupandishwa imeishi maisha tofauti kabisa na dada yake aliyebaki kule.

Kwa hiyo ni ya kutupa? La. Boti za miaka ile zilijengwa nene, wajenzi walikuwa bado hawaiamini sana faiba wakaongeza safu, na vipele vya kwenye ngozi vinatibika. Tatizo ni haraka. Miaka ya nyuma nililetewa boti, si ya aina hii, ina vipele kama arobaini, nikavifungua, nikavisugua, siku ya tatu nikajaza puti na nikapaka. Mwenyewe alifurahi, nikalipwa, nikanunua nyama. Baada ya misimu miwili ya mvua akanipigia simu, akasema njoo uone, nikaenda nikakuta vipele vile vile mahali pale pale na vingine vimezaa. Nilikuwa nimefungia maji ndani. Nikaifanya upya bila malipo, na safari hii nilifungua vyote, nikaosha kwa maji safi mara nyingi, leo naosha, kesho naosha, mpaka ile siki ikaisha, maana tindikali haikauki kwa jua, inatoka kwa kuoshwa. Alafu nikaiacha chini ya turubai lenye hewa kuanzia Juni mpaka karibu Agosti iishe, ndiyo nikaziba kwa epoksi na kupaka koti kadhaa za epoksi juu. Usijaribu kukausha Aprili ama Oktoba, mvua itakucheka.

Mambo mawili ya maji matamu nimeulizwa na wengine pia. Boti itazama kidogo zaidi kuliko baharini kwa sababu maji yetu ni mepesi, lakini kwa Ballad haifiki hata sentimita, usihangaike. La kuhangaikia ni vile vipande vya chuma laini vinavyofungwa chini ili viliwe badala ya propela, za baharini ni zinki, kwenye maji matamu zinki inalala usingizi haifanyi kazi, tafuta za magnesiamu.

SWALI: Wa Jinja hapa. Kwa nini nisiagize mwenyewe kutoka Uswidi, niiweke kwenye kontena mpaka Mombasa alafu lori?

JIBU: Haingii. Kontena kwa ndani ni kama mita 2.35 upana, Ballad ni 2.95. Itabidi isafiri kwenye jukwaa la wazi na trela la chini, mlingoti umelazwa pembeni, na kuanzia hapo bei inakuwa ya mtu mwingine. Ndugu yake mwenye umbo dogo, Albin Vega, aliyechorwa na Per Brohäll, mita 8.25, naye ana 2.46, anakosa kontena kwa sentimita kumi na moja, inauma kweli. Lakini kama ungekuwa unachagua aina, Vega mi naipenda kwa ziwa letu kuliko Ballad, kina chake ni mita 1.17 tu, unaingia sehemu nyingi za visiwa vya Ssese ambazo Ballad inabaki nje, haina haraka ya mashindano lakini ni ngumu, Mmarekani mmoja Matt Rutherford alizunguka mabara yote mawili ya Amerika peke yake na Vega bila kusimama, 2011 hadi 2012, siku 309, akapita mpaka kule kwenye barafu ya kaskazini. Ila kwa sasa inayouzwa hapa ni Ballad, si Vega, na tayari imeshavuka mpaka wa Malaba, gharama hiyo mtu mwingine alishailipa.

SWALI: Fundi ni mimi tena wa Ggaba. Nimeelewa ya biashara hapana. Lakini nimeshaipenda, mke wangu pia ameiona. Nikienda kuiangalia niangalie nini?

JIBU: Nilijua. Nenda asubuhi, vaa nguo za kazi, beba tochi, taulo na sarafu ya shilingi 500.

Sarafu ni ya sitaha. Sitaha za boti nyingi za miaka ile ni sandwichi, ngozi mbili za faiba na kitu chepesi katikati, maji yakiingia kupitia tundu la skrubu katikati panaoza ama panaachana. Piga magoti, gonga gonga kila baada ya upana wa kiganja, penye uzima panasema ko ko ko kavu, penye ugonjwa panasema bu bu kama unagonga boga. Gonga zaidi kuzunguka vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti na pale mlingoti unapokaa. Mwenyewe atakuambia unachafua, endelea.

Nyaya zenyewe pitisha taulo juu chini, uzi mmoja ukikatika utanasa kitambaa. Uliza zilifungwa lini, zikipita miaka kumi na tano hesabu kuzibadilisha kwenye bei. Ingia ndani, fungua mbao za sakafuni, angalia ngama, maji kidogo si kitu ila mafuta na ufa kuzunguka mkuku ni kitu. Angalia kama kuna alama ya kugonga mwamba, na usukani utikise kwa mikono miwili, usicheze cheze kwenye skegi.

Injini. Nyingi zilitoka kiwandani na dizeli ndogo ya Volvo Penta ya farasi kama 10, inapozwa kwa maji ya nje moja kwa moja, kwa hiyo angalia mdomo wa kuvuta maji, magugu maji yakiziba hapo inachemka ndani ya dakika. Ishike kabla haijawashwa, ikiwa ya moto ujue amekuandalia, mwambie aizime, utarudi kesho. Ikiwa baridi, iwake, uone maji yanatoka na moshi nyuma, moshi mweusi kidogo mwanzoni sawa, mweupe usioisha si sawa.

Vipele vya Entebbe umeshasoma, vihesabu, piga picha, mpunguzie bei kwa idadi hiyo na kwa miezi miwili ya kukausha. Na usimpe advansi kabla haijarudi majini ukaona inaelea sawa na ukaizungusha nayo mpaka nje ya ghuba saa nane mchana, upepo wa kusini ukiwa usoni, mke wako akiwa ameshika kana.